Namba za shangazi wa mdaiwa

Barua mlizoniandikia mwezi huu kuomba ushauri zimejaa simu na kompyuta. Nimechagua tatu, nikazifupisha na kuondoa majina. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu inanihusu hata mimi, kama mtakavyoona.

Mwalimu, shikamoo. Nafanya kazi Dar es Salaam kwenye ofisi inayodai madeni ya mikopo ya mtandaoni. Mteja akichelewa kulipa, kwenye kompyuta yangu inafunguka orodha ya majina yote aliyohifadhi kwenye simu yake: Mama, Shangazi Tanga, Bosi Kiwandani, Mchungaji, Fundi Bomba. Tunaagizwa kuwatumia ujumbe kwamba fulani ni tapeli na wao amewaweka wadhamini. Bosi anasema mteja alibonyeza "Ruhusu" mwenyewe, na kwamba bila njia hii watu hawalipi, kampuni itafungwa na wanyonge watakosa pa kukopa. Nina watoto wawili na kodi ya nyumba. Juzi mke wangu kaniambia siku hizi hata nikiomba chumvi naongea kama nadai. Je, nakosea, au natimiza kazi niliyoajiriwa?
*Mdai, Mbagala*

Marahaba, mwanangu. Ujumbe wenu naujua, nimewahi kuupata. Sijui kama ulitoka ofisini kwenu au kwa wenzenu, maana haukuwa na jina la kampuni: "Ndugu, mwambie fulani alipe deni lake leo kabla ya saa 12 jioni. Wewe ni mdhamini wake." Huyo fulani ni kijana aliyekuwa akiniletea mtungi wa gesi. Simuni kwake nimeandikwa "Mwl Gesi Ghorofa ya 2". Sijawahi kumdhamini mtu mkopo hata wa kibubu. Tangu siku ile haleti gesi mwenyewe, anamtuma mdogo wake, na tukikutana njiani anavuka upande wa pili wa barabara. Mkopo wake aliulipa, nilisikia baadaye. Kwenye vitabu vya kampuni hiyo ni kazi iliyofanikiwa.

Tuanze na hoja ya bosi wako, kwa sababu si ya kijinga. Anahesabu faida na hasara, na kuna wanafalsafa wakubwa nyuma yake: Jeremy Bentham na John Stuart Mill, Waingereza wawili waliofundisha kwamba tendo jema ni lile linaloongeza heri ya walio wengi. Lakini Bentham alikuwa na sharti ambalo wanaopenda hesabu hiyo hulisahau: kila mtu ahesabiwe mmoja, asiwepo anayehesabiwa zaidi ya mmoja. Mwambie bosi ahesabu tena kwa sharti hilo. Upande mmoja aweke kampuni na waliolipa. Upande wa pili amweke mdaiwa aliyeaibishwa kazini kwake, mama aliyepandwa presha, mchungaji ambaye sasa anamtazama muumini wake kwa jicho jingine, mimi na kijana wangu wa gesi. Watu wa simu moja tu wanaweza kujaza daladala. Hesabu yake inatoka vizuri kwa kuwa hao wote amewaacha nje ya daftari.

Halafu hilo "Ruhusu". Mpangaji anaweza kukufungulia chumba chake. Vya wapangaji wenzake hana ufunguo. Mteja alipobonyeza aliruhusu vitu vyake, tena akiwa na shida ya siku hiyo, mtoto anaumwa au kodi imefika. Namba yangu si mali yake ya kuweka rehani. Nilimpa ili aniletee gesi, basi. Helen Nissenbaum, mwanafalsafa anayefundisha New York, amelieleza jambo hili vizuri kuliko wengi: taarifa hupewa mtu ndani ya uhusiano fulani, na uhusiano huo una kanuni zake za nani aambiwe nini. Daktari kumwambia muuguzi kwamba una sukari ni sawa. Daktari huyohuyo kumwambia mwajiri wako ni usaliti, ijapokuwa maneno ni yaleyale. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama namba yangu ni siri. Namba yangu wanayo wauza mkaa mtaa mzima. La kuuliza ni kama imetumika kwa lile nililoitolea.

Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, angekuwa mkali zaidi. Katika maandishi yake ya 1785 alisema usimtumie mtu kama chombo tu cha kufikia lengo lako. Shangazi wa Tanga hajakopa wala hajaahidi kitu. Anatumiwa ujumbe ili aibu yake igeuke fimbo ya kumchapia mpwa wake. Sioni mfano mnyoofu zaidi wa alichokataza Kant, na nimefundisha somo hilo chuo cha ualimu miaka mingi kwa mifano iliyopauka ya kuvunja ahadi. Ongeza na uongo: "mdhamini" ni neno la kisheria, na ninyi mnajua si kweli.

Usinielewe kwamba deni lisilipwe. Dawa ya deni ni kulipa, na aliyekopa ana wajibu ambao Kant huyohuyo angemkumbusha bila huruma. Mpigie yeye. Mpe nafasi ya kulipa kidogo kidogo. Akikataa kabisa, kuna mahakama.

Sheria nayo haiko upande wa bosi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa iliyokusanywa kwa lengo moja haitumiki kwa jingine kiholela. Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo, inapokea malalamiko. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitaja majukwaa na aplikesheni 69 za mikopo zinazofanya kazi bila leseni. Angalia kama ya kwenu imo. Kwa majirani zetu Kenya, kanuni za Benki Kuu yao za 2022 zinakataza wakopeshaji wa mtandaoni kuwasumbua watu waliomo kwenye simu ya mdaiwa, na Septemba 2023 ofisi ya kamishna wa data ilimtoza mwenye aplikesheni za KeCredit na Faircash shilingi 2,975,000 za Kenya kwa mchezo huuhuu. Hata Google, ambao si watu wa huruma kwa taarifa za watu, mwaka 2023 walizuia aplikesheni za mikopo kwenye duka lao zisifungue majina na picha za wateja.

Sasa wewe. Sikwambii uache kazi kesho, mimi siye nitakayelipa kodi yako. Fanya hivi: mwombe bosi akuandikie agizo hilo kwa barua pepe, kwamba wewe fulani uwatumie ujumbe watu wasiokopa na uwaambie ni wadhamini. Omba kwa adabu, sema unataka kuelewa vizuri. Nakuhakikishia atazunguka. Mtu anayeogopa kuweka sahihi anajua anachokifanya. Toka hapo dai wadaiwa wenyewe tu, na anza kutafuta kazi nyingine kimyakimya. Mkeo amekwisha kukuambia lile ambalo Aristotle alilifundisha Athens: tabia hujengwa na tunayoyatenda kila siku, na haibaki ofisini saa 11 jioni. Wengine wote niliowataja wamekuuliza juu ya sheria na faida. Mkeo kakuuliza unakuwa mtu gani, na kwangu mimi hilo ndilo zito kuliko yote uliyoniandikia.

Mwalimu, nasoma kompyuta mwaka wa tatu. Nimegundua kwamba ukifungua matokeo yako kwenye mfumo wa chuo, namba yako ya usajili inaonekana juu kwenye anwani. Ukibadilisha tarakimu ya mwisho, unaona matokeo ya mwenzako, na namba ya simu ya mzazi wake. Nimejaribu kadhaa, zote zinafunguka. Tuliwahi kulalamikia mambo mengine ya mfumo huu tukapuuzwa. Nataka kuweka picha za skrini mtandaoni ili waaibike warekebishe. Nikifanya hivyo nitakuwa nimekosea?
*Binti wa tarakimu, Dodoma*

Binti, kwanza acha kubadilisha tarakimu. Leo. Moja ilitosha kukuonyesha kwamba mlango haufungwi. Hizo nyingine ulikuwa unachungulia. Futa picha zote zenye matokeo ya wenzako. Wasomaji wangu Waislamu wanalijua katazo la kupelelezana katika Surat Al-Hujurat, aya ya 12, na halikuweka msamaha kwa wanafunzi wa kompyuta.

Kasoro yenyewe ni ya kawaida sana: mfumo unakuuliza wewe ni nani wakati wa kuingia, kisha hauulizi tena kama ukurasa unaoutaka ni wako. Kuirekebisha si kazi ngumu kwa anayejua. Kinachonisumbua ni muda kati ya tangazo lako na marekebisho. Katika saa hizo kila mwenye simu atakuwa na njia ya kufikia matokeo ya chuo kizima, na matapeli watakuwa na namba za wazazi wanaotarajia kuambiwa habari za ada. Hao ndio wale wa "tuma kwenye namba hii". Ulitaka chuo kiaibike, watakaoumia ni kina mama wa Singida na Kondoa.

Kuna na hatari yako mwenyewe. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinazungumzia kuingia kwenye mfumo kwa makusudi bila haki. Nia njema utaieleza, lakini utaieleza kituoni. Kwa hiyo usiende peke yako. Mchukue mhadhiri unayemwamini, andikeni barua fupi: kasoro iko wapi, inaonekanaje, iligunduliwa lini. Msidai pesa hata senti. Ukidai malipo ili unyamaze umeshahama kutoka mgunduzi hadi mnyang'anyi. Bakini na nakala iliyogongwa mhuri wa mapokezi. Nakala nyingine inaweza kwenda TZ-CERT, kikosi kilicho chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, kinachoshughulikia matukio ya usalama wa mtandao.

Wakinyamaza je? Hapa nadharia zinagombana, na sitaki kukudanganya kwamba zinakubaliana. Mwanafalsafa wa wajibu, kama Kant, atasema wenzako wana haki ya kujua kwamba taarifa zao ziko wazi. Wa matokeo, kama Bentham, atauliza kujua kutawaletea nini. Wataalamu wa usalama wana desturi ya kumpa mwenye mfumo muda maalumu wa kurekebisha kabla ya kutangaza kasoro. Kikosi cha Google cha kusaka kasoro, Project Zero, hutoa siku 90. Mimi naona wa wajibu ana haki, lakini kwa nusu: muda ukipita, waambie wanafunzi kupitia serikali yao kwamba matokeo na namba za wazazi haviko salama na chuo kimeshaarifiwa kwa maandishi. Namna ya kubadilisha tarakimu, usiiseme. Aibu wataipata bila hiyo.

Mwalimu, mimi ni wakala wa pesa za simu hapa Morogoro. Kuna mteja wangu wa siku zote kaja kuniuliza kama mkewe katoa pesa kwangu wiki hii, na anataka aone daftari. Ni mtu mzima, ninamheshimu. Nimdanganye kwamba hajaja?
*Wakala, Msamvu*

Usimdanganye na usimwonyeshe. Kant aliwahi kubishana sana juu ya kumdanganya hata muuaji anayemtafuta rafiki yako mlangoni, akasema uongo hauruhusiwi; wengi tunaona hapo alipitiliza. Lakini kwako wala haifiki huko, kwa sababu kukataa kujibu si uongo. Sema: "Mzee wangu, daftari hili sionyeshi mtu miamala ya mtu mwingine, na yako pia siwezi kumwonyesha mtu." Jibu hilohilo mpe kila anayeuliza, hata siku ambayo kweli hajaja, la sivyo ukimya wako wenyewe utageuka jibu.

Na ukiwa hapo, tazama daftari lenyewe. Mteja anapoinama kuweka sahihi, anasoma mistari yote ya juu yake: majina, namba za simu, kiasi. Kata kipande cha boksi chenye upana wa ukurasa, toboa nafasi ya mstari mmoja, kiweke juu ya ukurasa kila mtu anapotia sahihi. Jioni lifungie kwenye droo. Nimeona mawakala wakiliacha kwenye stuli na kwenda kununua vocha.