Gemu na upasuaji wa matundu

Umeuliza kama miaka ya kucheza gemu itakufaa kwenye upasuaji wa matundu madogo, ambapo daktari huingiza kamera na vyombo virefu tumboni na kufanya kazi akitazama skrini. Mwanzoni, ndiyo. Utafiti wa Rosser na wenzake (2007, Marekani) uliwapima madaktari 33: waliowahi kucheza zaidi ya saa 3 kwa wiki walikosea pungufu kwa 37% na kumaliza haraka zaidi kwa 27% kwenye mazoezi ya upasuaji huo, kuliko wasiowahi kucheza. Huo ni uhusiano tu, lakini; huenda wenye mkono mwepesi ndio wanaopenda gemu.

Padi ya gemu haikufundishi hili: chombo kimeegemea tundu la tumbo, hivyo ukipeleka mkono kushoto, ncha inakwenda kulia. Wala haikupi hisia ya tishu inayokaribia kuchanika.

Kujizoeza mwendo huo nyumbani, chukua katoni, toboa matundu mawili, weka simu juu iwe kamera, tafuta makoleo mawili marefu uyapitishe kwenye matundu. Hamisha punje 6 za maharage: shika kwa kushoto, pokeza hewani, weka kulia, kisha zirudishe. Macho kwenye skrini! Punje ikiruka nje ya picha, hesabu kosa. Kupokezana kukikushinda, tatizo kwa kawaida ni kina, maana skrini ni bapa. Gusanisha ncha kwanza, ndipo ufungue koleo.