Usiandike 20: hesabu pumzi dakika nzima kabla hujamgusa mgonjwa

Mdogo wangu, hiyo 20 usiiandike. Umeuliza mambo mengi kwa mpigo kwa kuwa unaanza mazoezi ya wodini hapa Tanga: utaratibu wa kumkagua mgonjwa kuanzia kichwani mpaka vidole vya miguu, namba za kawaida za kila rika, na kama ununue stetoskopu yako au usubiri ya wodi. Halafu ukamalizia na kamstari, kama jambo dogo tu: "kwenye upumuaji nimeambiwa mgonjwa akionekana hana shida niandike 20, muda hautoshi." Hako kamstari ndiko kamenifanya niache chakula mezani.

Na mimi niliambiwa hivyo hivyo, tena na mtu niliyemheshimu. Sista wa siku nyingi, mikono myepesi, anamjua kila mgonjwa kwa jina. "Hao wote ishirini, mwanangu, andika twende." Nikaandika. Ungefungua chati za wodi ile ungedhani wamejiandikisha kwaya moja, wanavuta pumzi kwa kufuata kinanda: babu 20, mzazi 20, kichanga 20.

Akaja mama mmoja kutoka upande wa Pangani na mtoto wa miezi saba mwenye homa. Kipimo cha haraka cha malaria kikatoka chanya, dawa ikaandikwa, kila mtu akatulia maana jibu limepatikana. Joto nikapima, uzito nikapima. Mtoto alikuwa mgongoni kwa mama yake, kafungwa khanga mbili, kalala. Upumuaji: 20.

Sasa itazame namba yenyewe. Mtoto wa miezi saba aliye mzima hupumua takriban mara 30 hadi 50 kwa dakika. Angekuwa kweli anapumua 20 na homa ile, ilitakiwa tukimbie naye, maana kwa umri wake hiyo ni pumzi ya mtoto aliyechoka kupumua. Namba tuliyoiandika kumaanisha "hana shida" ilikuwa inapiga kelele ya hatari, na chati ilipita mikononi mwa watu kadhaa bila hata mmoja kushtuka. Jicho lilishazoea.

Aliyemwokoa ni muuguzi wa zamu ya usiku. Hakuanza na chati. Alimwomba mama amshushe mtoto, ampakate, afungue khanga na kupandisha kigauni mpaka kifua na tumbo vionekane. Akachuchumaa usawa wa mtoto, saa mkononi, bila kumgusa. Tumbo linapanda na kushuka upesi upesi, na pale chini ya mbavu panabonyea ndani kila anapovuta hewa. Mabawa ya pua yanacheza. Akahesabu dakika nzima: 68. Mtoto akapewa oksijeni na sindano za kwanza za ampisilini na jentamaisini, likaitwa gari la wagonjwa aletwe mjini. Ilikuwa nimonia kali juu ya malaria. Alipona, alhamdulillahi. Lakini jioni nzima kifua cha yule mtoto kilikuwa kinasema na chati inamkanusha, na mama yake kakaa pale pale kwenye benchi akiamini tumeshamwona.

Yule sista alipoulizwa alijibu, "Mbona alionekana sawa?" Hasira yangu kwake haijaisha, na siioni sababu ya kuificha. Mtu mwenye uzoefu kama ule, anayesikilizwa na kila mwanafunzi, anafundisha kupika namba! Na waliokuwa wanasaini zile chati kila asubuhi, safu nzima imejaa 20 kuanzia kitanda cha mlangoni mpaka cha dirishani, hawakuona?

Kwa hiyo shika hili hata ukisahau mengine yote: pumzi huhesabiwa dakika nzima, kabla ya kumgusa mgonjwa, kifua kikiwa wazi, mtoto akiwa ametulia. Akilia, subiri. Akinyonya, subiri amalize. Ukianza na kipimajoto au stetoskopu ya baridi atalia, na hesabu ya mtoto anayelia haina kazi.

Utaambiwa hesabu sekunde 15 uzidishe kwa 4. Kwa mtoto kataa, na hesabu yenyewe itakutetea. Kwenye mwongozo wa IMCI, ule wa kuhudumia watoto wagonjwa wa chini ya miaka mitano, mtoto wa miezi 2 hadi kabla ya mwaka anahesabiwa kuwa anapumua haraka akifika 50. Ukihesabu pumzi 12 kwa sekunde 15 unapata 48, mama anaambiwa hakuna tatizo. Ukihesabu 13 unapata 52, mtoto anaanza dawa. Pumzi moja uliyoipoteza kwa sababu bodaboda imepiga honi dirishani imebadilisha tiba. Na vichanga ndio zaidi: hupumua upesi kidogo, wakasita sekunde chache, wakaendelea. Zile sekunde 15 zako zikiangukia kwenye kusita, umeshapotea.

Namba ulizouliza ndizo hizi: chini ya miezi 2, haraka ni 60 na kuendelea, na ukiipata unarudia kuhesabu uhakikishe. Miezi 2 hadi kabla ya mwaka ni 50, na mwaka 1 hadi kabla ya miaka 5 ni 40. Mtu mzima aliyetulia ni 12 hadi 20, na akifika 25 usiondoke kitandani bila kumwita daktari.

Kwa nini naing'ang'ania pumzi kuliko presha? Kwa sababu mwili ukikosa oksijeni, au damu ikijaa tindikali kama kwenye malaria kali, ubongo huongeza pumzi mapema kabisa. Presha ya mtoto hushuka mwishoni, wakati nafasi ya kumsaidia imekaribia kuisha. Nimonia, malaria kali, upungufu mkubwa wa damu, vyote vinapita kifuani. Ukishahesabu, fungua viganja vyake uangalie kama vimepauka, maana kwa ngozi zetu weupe wa upungufu wa damu huonekana viganjani na ndani ya kope. Ubluu wa kukosa oksijeni utafute kwenye ulimi na fizi.

Wazee nao msiwaonee. Mzee mwenye nimonia anaweza asiwe na homa wala kikohozi cha maana. Wanae watakwambia tu "tangu jana anachanganya maneno" au "kakataa uji". Joto 36.5, unaona kila kitu shwari, kumbe anapumua 28. Kwa mtu mzima usimtangazie kwamba unahesabu pumzi zake, ataanza kuzipanga. Shika kifundo cha mkono kama unayehesabu mapigo, macho yako yawe kifuani.

Usikimbilie kusema kuna kile kidude cha kubana kidoleni kinachopima oksijeni. Kinasaidia, lakini hakihesabu pumzi, na mtoto anaweza kusomeka asilimia 96 huku anapumua kwa nguvu zake za mwisho. Tena hapa Tanga utakutana na vidole vya piko, ile rangi nyeusi ya kujipamba, kila wiki, bibi harusi wa juzi, mzazi aliyetoka kupambwa. Ule weusi unaweza kuharibu usomaji, kwa hiyo tafuta kidole kisichopakwa, hata cha mguu. Na tafiti zilizotoka Marekani mwaka 2020 zilionyesha kuwa kwa watu weusi kifaa hicho mara nyingine husoma oksijeni juu kuliko ilivyo kwenye damu. Kikipingana na kifua unachokiona kwa macho yako, amini kifua.

Mjamzito: presha akiwa amekaa, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, na 140/90 hairuhusiwi kurudi nyumbani na neno "utapumzika" tu. Mengine ya mjamzito waulize wakunga.

Stetoskopu utaikuta wodini. Hela yako nunua saa ya mkono yenye mshale wa sekunde, madukani Ngamiani zipo za bei ya kawaida tu, maana kuna wodi ambazo ukitoa simu wanadhani unachati. Na siku sista akikuhimiza "andika twende", usibishane naye mbele ya wagonjwa. Mwambie kwa adabu, "Sista, naomba dakika moja nimalize huyu," uendelee kuhesabu. Ukizidiwa kabisa na foleni, acha nafasi wazi kwenye chati na useme wakati wa makabidhiano kwamba pumzi za kitanda fulani hazijahesabiwa. Anayekupokea akiona nafasi wazi atakwenda kuhesabu. Akiona 20 atampita.