Kabla hujameza hivyo vidonge, kapime mkojo

Weka hivyo vidonge chini. Prednisoloni ulizouziwa na jirani yako wa duka la dawa hapo Kijenge, usimeze hata kimoja mpaka umalize kusoma hapa. Na hiyo nyungu anayokuandalia mama mkwe, mwambie asante sana mama, izime.

Mdogo wangu, umetuandikia hapa kundini kwamba mwezi uliopita ulipigwa picha ya MRI, ukatolewa maji ya uti wa mgongo, ukaambiwa una MS, yaani multiple sclerosis, ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Ukauliza mambo manne: uchovu, ganzi ya vidole, chakula, na namna ya kumwambia bosi wako. Sawa. Halafu mwisho kabisa, kama mtu anayesahau mwavuli, ukatupia kwamba tangu Jumamosi miguu imekuwa mizito tena, mwili una joto joto, mkojo unakubana ghafla, na "dokta" wa dukani amesema ugonjwa umerudi hivyo amekupa steroidi, ndizo hizo prednisoloni. Hapo ndipo nilipoacha kushona nikashika simu. Hayo manne ya juu yatasubiri.

Mimi ni fundi cherehani, niko Moshi, nina MS tangu kabla hujajua hayo maneno mawili. Nilichokifanya mimi ndicho unachotaka kukifanya wewe, hatua kwa hatua, hadi wauzaji wetu ni kama wamesoma darasa moja.

Ilikuwa Januari. Kwa fundi wa nguo Januari ndiyo mwaka mzima: shule zinafunguliwa, kila mzazi anataka sare jana. Nilikuwa nimeshika oda ya shule moja, sketi za marinda, na pesa ya utangulizi nilikuwa nimeshanunulia vitambaa. Kibanda changu ni cha bati, na Januari ya Moshi mnaijua, saa nane mchana hata mkasi unaunguza. Sasa MS ilikuwa imeshanichezea kibofu: mkojo ukija umekuja, hausubiri, na choo cha soko cha kulipia kiko mbali na foleni yake ni ya kina mama wa ndizi. Nikafanya ujanja. Nikaacha kunywa maji. Asubuhi chai nusu kikombe, basi, mpaka jioni nikirudi nyumbani. Nilijiona mjanja kweli, oda inakwenda, sinyanyuki kwenye kiti.

Baada ya muda mguu wa kulia ukaanza kunisaliti. Nakanyaga pedeli sijui kama nimekanyaga, inabidi niiname nichungulie chini ya meza nione unyayo uko wapi. Nikiinua macho mshono umeshapinda, narudi kufumua. Mwili mchovu, joto kidogo, kiuno kinauma. Homa nikasema ni bati. Kiuno nikasema ni kuinama. Mguu nikasema ndiyo MS hiyo, imerudi.

Nikaenda kwa dokta wetu. Namwita dokta kwa sababu mtaa mzima tunamwita dokta, ana koti jeupe na miwani, na hajawahi kumwambia mtu "sijui" tangu afungue duka. Akanisikiliza kwa kichwa kilichoinama, akasema: hiyo imerudi, dawa yake steroidi, hata Ulaya wanatumia hiyo hiyo. Akanihesabia vidonge kwenye bahasha ndogo ya kaki, juu ameandika 2×3 kwa kalamu ya bluu. Jina la dawa hakuna. Swali kuhusu mkojo hakuna. Kipimajoto kilikuwa ndani ya kabati la kioo, nakiona, kinauzwa.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba alisema nusu ya ukweli. Uongo mtupu ningeushtukia. Ni kweli MS ikishambulia upya hospitali wanatumia steroidi: methilprednisoloni ya dripu, gramu moja kwa siku, siku 3 hadi 5, basi. Lakini wanaanza kwa kuhakikisha huna maambukizi yoyote mwilini, kwa sababu dawa hiyo inaikalisha chini kinga yako. Yeye alichukua nusu ya mbele akaniuzia, nusu ya nyuma akabaki nayo.

Siku za kwanza nilijisikia malkia. Hiyo nayo ni sifa ya hizo dawa, usidanganyike: zinakupa nguvu za kukopa. Silali, nashona usiku kucha, namtumia dokta meseji za shukrani. Zikaisha, miguu ikarudi kuwa mizito, nikaongeza bahasha nyingine. Na nyingine. Uso ukaniumuka, mashavu yakajaa, na wateja wakaanza kunisifia: "Fundi umenawiri! Shemeji anakutunza." Nacheka, nashukuru, huku chini mguu unaburuzika. Nilinawiri hivyo hivyo mpaka siku niliyoanguka kibandani na sketi mkononi, natetemeka kama nimetolewa kwenye jokofu, natapika, kiuno kinapasuka.

Nyumbani walishaamini MS ndiyo inanimaliza. Kuna aliyesema kama tungekuwa 2011 ningepelekwa Loliondo kwa Babu nikapate kikombe. Wakanipeleka hospitali ya rufaa, na huko daktari mmoja binti mdogo, yuko kwenye mafunzo kwa vitendo, akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza: "Mama, mkojo umepima lini?"

Aisee. Nchi hii ukiumwa hata jino ukiingia zahanati unatoka na karatasi ya UTI na taifodi. Mimi sasa niliyekuwa nayo kweli, UTI halisi, hakuna aliyenipa kikopo. Maambukizi yalianzia kwenye kibofu nilichokinyima maji, na zile steroidi zikayafungulia geti, yakapanda mpaka kwenye figo. Sukari nayo ilikuwa juu, kazi ya vidonge hivyo hivyo. Nikalazwa, nikawekewa antibayotiki za mshipani. Na hizo steroidi hawakuzikata ghafla. Ukishazitumia kwa wiki kadhaa, tezi zilizo juu ya figo zinakuwa zimelala kwa uvivu, ukiacha kwa mkupuo unaweza kuzimia na hata kufa. Zilipunguzwa kidogo kidogo. Kwa hiyo kama wewe umeshaanza na ni muda mrefu, usiache mwenyewe kwa hasira baada ya kunisoma, nenda kwa daktari akupangie ngazi za kushuka. Kama hujaanza, ulivyosema, basi usianze.

Maambukizi yalipoisha mguu ulirudi pale pale ulipokuwa kabla ya Januari. Pale pale. MS haikuwa imesogea hata hatua moja! Oda ikaenda kwa fundi mwingine, pesa ya utangulizi nikairudisha kwa kuuza cherehani yangu ya ovaloki, na ile shule haijarudi kwangu mpaka leo. Nikipita nawaona watoto na marinda ya yule fundi, yamelala vibaya, nageuza shingo. (Kweli yamelala vibaya, si wivu.)

Sasa sikiliza ni kwa nini inakuwa hivyo, maana dokta wa bahasha hatakueleza. MS ni kinga yako mwenyewe inayoshambulia mayelini, ule utando unaofunika mishipa ya fahamu kwenye ubongo, uti wa mgongo na mshipa wa jicho. Shambulio likipita linaacha makovu, na taarifa zinaendelea kupita hapo kwa shida. Ni barabara ya vumbi yenye viraka: kiangazi unapita, unalalamika lakini unapita, mvua ikinyesha umekwama. Hakuna aliyeichimba upya, ni mvua tu. Kwetu sisi mvua ni joto. Joto la mwili likipanda hata nusu nyuzi, dalili za zamani zote zinaweza kurudi kwa pamoja: ganzi, uzito, ukungu wa macho. Daktari wa macho wa Kijerumani, Wilhelm Uhthoff, aliliandika hilo mwaka 1890, na mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Zamani kabla ya MRI madaktari walikuwa wanamtumbukiza mgonjwa kwenye beseni la maji ya moto. Dalili zikizidi, wanasema huyu ni MS. Sasa wewe unataka kujifunika blanketi juu ya sufuria ya mwarobaini na mchaichai kwa nusu saa. Tangu 2020 kila nyumba ina mtaalamu wa nyungu, najua, lakini ukitoka humo hujiwezi utasema umekufa upande, na mama mkwe atasema dawa inafanya kazi.

Homa ya UTI nayo ni joto. Ndiyo maana hata UTI ndogo tu ya kwenye kibofu inakulaza miguu. Na sisi tunazipata kirahisi kwa sababu kibofu cha MS mara nyingi hakijimalizi, mkojo unabaki chini, wadudu wanazaliana. Tena usisubiri uunguzwe wakati wa kukojoa ndipo uamini. Hisia zetu huko chini zimepungua, mimi sikuunguzwa hata siku moja. Dalili yangu ya UTI ilikuwa mguu!

Kwa hiyo kesho asubuhi unapima. Leo pitia maabara inayoeleweka, chukua kikopo chao, siyo chupa ya maji uliyosuuza nyumbani. Jisafishe, mkojo wa mwanzo uache uende, kinga wa katikati. Na usiridhike na kile kijiti kinachobadilika rangi peke yake, waambie unataka na kuotesha, ili ijulikane ni mdudu gani na dawa gani inamuua. Majibu ya kuotesha yanachukua siku mbili tatu, na karatasi unampelekea daktari, humpelekei dokta. Wakikuuliza kwa nini unang'ang'ania, sema una MS. Ukipata nafasi omba pia ultrasaundi ya kibofu baada ya kukojoa, waone kiasi gani kinabaki. Kama kinabaki kingi kuna namna ya kufundishwa kukitoa kwa mpira mdogo mwenyewe nyumbani. Inatisha kuisikia tu. Na kunywa maji, jamani. Kunywa maji hata kama utakuwa unakimbia chooni mbele ya bosi.

Nimeona mchangiaji hapo juu ameandika "prednisoloni haina shida, shangazi yangu anameza kwa ajili ya pumu." Shangazi yako alipimwa na mtu aliyesomea, kaka. Huyu amepimwa kwa macho na mtu aliyekuwa anatafuta chenji.

Sisemi kwamba MS hairudi. Inarudi. Ila kurudi kwake kuna sura: ni kitu kipya au cha zamani kilichozidi wazi, kimekaa zaidi ya saa 24 bila kuondoka, huna homa, mkojo umepimwa ni safi. Jicho moja linauma ukilizungusha na rangi nyekundu inafifia, hiyo usiisikilizie, nenda kwa daktari wa mishipa ya fahamu haraka. Miguu imekuwa mizito saa nane mchana na jioni ukipoa imerudi? Hilo ni jua, rudi kivulini. Na ukipata nafasi na huyo daktari, muulize habari za dawa za kuzuia mashambulio yenyewe, hizo ndizo za kuhangaikia. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu kwenye orodha yake ya dawa muhimu: rituksimabu, kladribini na glatirameri. Pesa za bahasha za kaki zihifadhi huko.

Uchovu, kidogo nikujibu maana ni joto lile lile. Kazi nzito maliza asubuhi. Pumzika kabla hujachoka, ukisubiri kuchoka umechelewa. Mimi huwa nalowesha kanga kwenye ndoo, naikamua, naiweka shingoni, naendelea kushona. Maji yanachuruzika mgongoni, wateja wanaona nimechanganyikiwa, na vifungo vinakaa vizuri. Wewe uko Arusha, mko juu yetu kwa mita kama 500, kwa hiyo una nusu ya kiyoyozi bure. Usiniambie Arusha kuna joto, nitakucheka.

Kuhusu ganzi ya vidole nilikuwa na kitu cha kusema, kimenitoka. Chakula waulize wengine, mimi nakula ninachokipata, kiburu na mtori kama kawaida. Na la bosi sina uzoefu: bosi wangu ni mimi mwenyewe, na ananidai mshahara wa Januari ile.

Maabara nyingi za hapo mjini zinafungua mapema. Chukua kikopo leo jioni ukalale nacho nyumbani, mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio mzuri, na uufikishe mapema usikae juani. Majibu yakitoka yaandike hapa hapa, hata kama ni safi. Yakiwa safi na miguu bado mizito, nitakuwa wa kwanza kukwambia panda gari kesho kwa daktari.