Wateja wanakimbia grupu langu, nifanyeje?

Nauza mchele wa Kyela Mwanjelwa, Mbeya. Wengi hunilipa kwa simu, kwa hiyo namba zao ninazo. Niliwaunganisha kwenye grupu la WhatsApp wapate bei mpya. Ndani ya siku mbili nusu wameondoka na mmoja amenitumia maneno makali. Kosa langu nini?

Mteja alitoa namba ili alipie mchele, hakuitoa ili aamshwe na "asubuhi njema wapendwa" ya mtu asiyemfahamu. Tena ukimwingiza mtu kwenye grupu, namba yake huonekana na wote waliomo. Binti wa watu anaweza kuanza kupigiwa simu usiku na mwanamume aliyeichukua namba yake humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 nayo inataka taarifa ya mtu itumike kwa lengo iliyokusanyiwa.

Omba radhi kwa ujumbe mmoja mfupi, kisha livunje grupu. Anza upya na anayesimama mbele ya mizani yako: "Mzigo mpya ukiingia nikutumie bei?" Akikubali, hifadhi namba yake, na yeye ahifadhi yako hapo hapo kabla hajabeba mfuko. Hatua hiyo ya pili ndiyo wengi huiruka. Badala ya grupu, tumia orodha ya brodikasti ya WhatsApp, inayotuma ujumbe mmoja kwa wengi. Ujumbe huo humfikia tu aliyehifadhi namba yako. Asipokuwa nayo haufiki, nawe huambiwi. Orodha moja huchukua watu 256, ikijaa unafungua nyingine. Kila mmoja hupokea peke yake, na majibu yanakuja kwako tu. Stetasi nayo huonwa na mliohifadhiana namba, na hufutika baada ya saa 24.

Ujumbe wenyewe uwe wa mistari minne: aina ya mchele, bei ya kilo, kiasi cha chini unachopeleka nyumbani, na "ukitaka kuacha kupokea, andika ACHA". Akiandika, mtoe siku hiyo hiyo bila kumhoji. Mara moja kwa wiki inatosha, labda bei ibadilike katikati. Watu wengi wakikuripoti, WhatsApp wanaweza kuifungia namba yako, na pengine ndiyo hiyo uliyoichora kwenye kibao cha duka.

Tuna kitalu cha miche ya parachichi Njombe. Tumeshauriwa kutagi watu wengi na kuandika "nifuate nikufuate" ili ukurasa ukue. Picha tunachukua mtandaoni. Ni sawa?

Hapana, yote matatu. Wafuasi wa kubadilishana hawana shamba. Wataongeza namba juu ya ukurasa na hakuna atakayeuliza bei ya mche. Mtagi aliyemo kwenye picha, au aliyekubali. Kumtagi mtu kwenye tangazo lisilomhusu ni kubandika bango kwenye ukuta wa jirani usiku.

Picha ni mali ya aliyeipiga. Kuandika jina lake chini hakuondoi haja ya kumwomba. Halafu, kwa biashara yenu picha ya kuazima haina kazi: mkulima anataka kuuona mche atakaoupanda. Pigeni kwa karibu pale ulipobebeshwa, yaani kikonyo kilipounganishwa na shina, kiungo kionekane kimeshikana, rula ikiwa pembeni ya shina. Andikeni aina, kama ni Hass, na tarehe ya kubebesha. Na msiende kuweka bei zenu chini ya posti za kitalu kingine. Wakulima wanaona, na wenye kitalu hicho wanaona zaidi.

Nauza vikapu vya milulu, Iringa. Niweke bei wazi au niseme "njoo inboksi"?

Weka wazi. "Njoo inboksi" humfanya mtu ahisi bei inapangwa kwa kumwangalia usoni. Andika kimo na upana wa mdomo kwa sentimita, bei ya kimoja, na gharama ya kukituma kwa basi. Bei ya jumla tu ndiyo mzungumze pembeni.

Mteja akilalamika hadharani kwamba mpini umekatika, mjibu hapo hapo kwa sentensi moja, useme utabadilisha au utarekebisha, ndipo umpigie. Usiyafute maneno yake. Vya kufuta ni matusi na namba za simu za watu.