Misemo ya Kiingereza: nimejibu maswali yenu

*Shikamoo mwalimu. Nabeba mizigo Mlima Kilimanjaro njia ya Machame huku nasomea uongozaji. Mgeni akisema "under the weather" ana maana gani?*

Marahaba mdogo wangu. Anaumwa, hajisikii vizuri, basi, hali ya hewa haimo kabisa. Mimi ilinikuta enzi zangu za kupandisha wageni, tuko kambi ya Barafu, mita 4,600 na kitu, jioni, mawingu yametanda chini yetu kama pamba, mama mmoja kakaa kwenye jiwe ameshika chai ya tangawizi hata hajaigusa, ananiambia "I'm a bit under the weather", na mimi kwa kujiamini kabisa nikamwonyesha mawingu kule chini, no madam, we are above the weather! Akatabasamu kidogo halafu akanitapikia viatu. Kileleni hakwenda, tulimshusha usiku uleule. Na hiyo "a bit" isikuzuge, Waingereza wengi huwa wanapunguza makali ya maneno, kwa hiyo ukiisikia tu muulize hapohapo, kichwa kinauma? umekula?

*Niko mapokezi hotelini Arusha karibu na Mnara wa Saa. Mteja kasema kutufikia ilikuwa "a piece of cake", nikamletea keki. Nimechemka?*

Hahaha dada, na keki yenyewe umempa bure! Alimaanisha ilikuwa rahisi, sisi tunasema kazi ya kumsukuma mlevi. Ila usione aibu, na wewe siku moja mwambie mzungu kwamba fulani kapata jiko, uone kama hajauliza ni la gesi au la mkaa.

*Kijana wangu wa kidato cha pili anataka kuweka "kick the bucket" kwenye barua ya rambirambi. Si ni kufa tu?*

Shikamoo mzee, ni kufa ndiyo ila mwambie afute haraka, hapo ni kama kaandika marehemu kakata kamba. Ni neno la mtaani toka zamani, limo kwenye kamusi ya lugha ya mtaani ya Francis Grose iliyotoka London 1785. Aandike "passed away".

*"Once in a blue moon" je?*

Kwa nadra sana. Siku hizi "blue moon" ni mwezi mpevu wa pili ndani ya mwezi mmoja wa kalenda, hutokea kila miaka miwili na nusu hivi. Mgeni akikwambia getini kwamba mazoezi anafanya once in a blue moon, ujue pole pole ya safari hiyo itakuwa pole pole kweli.