Nilianza kuhariri sauti kwa wembe: jibu kwa anayeuliza kama kazi hii bado ipo

Mleta mada ana diploma ya utangazaji na anataka kusomea uhariri wa sauti, ila rafiki zake wanamwambia asichome ada bure kwa kuwa akili mnemba inafanya yote. Mdogo wangu, kazi hii nimeila tangu mwanzoni mwa miaka ya tisini, ngoja nikueleze niliyoyaona.

Nilipoingia studio, sauti ilikuwa kitu cha kushika mkononi. Utepe wa robo inchi ulipita kwenye mashine kwa sentimita 19 kila sekunde, kwa hiyo sentensi ya sekunde 5 ilikuwa karibu mita nzima. Ukitaka kuitoa, unazungusha riili, lile gurudumu la utepe, kwa mkono, mbele, nyuma, taratibu, mpaka usikie neno linapoanzia. Unaweka alama kwa penseli nyeupe, unakata mshazari kwa wembe, unaunga kwa utepe wa gundi. Kipande ulichokitoa unakivaa shingoni, hukitupi, maana mtayarishaji akisikiliza anaweza kusema: ile pumzi ya yule mama uliyoikata, irudishe. Na mara nyingi alikuwa na haki. Fundi aliyenifundisha hakuniruhusu kugusa wembe kabla sijasikiliza mahojiano yote mara mbili.

Halafu mambo yakaanza kwenda mbio. Sheria ya utangazaji ya 1993 iliwafungulia mlango watu binafsi, mwaka uliofuata Radio One ikaanza, na Radio Tanzania haikuwa tena peke yake hewani huku Bara. Ajira zikafunguka. Baadaye ikaja kompyuta na Cool Edit, programu ya kuhariri sauti, ile ambayo Adobe waliinunua 2003 wakaiita Audition, na kazi ya siku nzima ikawa ya saa moja. Kituo nilichokuwa nacho wakati huo kilikuwa na wahariri 4, tukapunguzwa tukabaki 2. Wenzangu walioondoka walikuwa na watoto shuleni. Iliniuma sana.

Lakini angalia na upande wa msikilizaji. Zamani mtu wa Newala alinunua kadi ya salamu, akaijaza, akaipeleka posta, kisha akakaa wiki kadhaa akitega sikio asikie jina lake likisomwa. Leo mkulima wa korosho anarekodi sauti yake WhatsApp asubuhi, analalamikia bei ya mnada, na mchana nchi nzima inamsikia, jogoo wake akiwika nyuma. Kwangu mimi hili ni kubwa kuliko kompyuta. Mtu aliyekuwa akisomewa jina tu sasa anasema mwenyewe.

Sasa hiyo akili mnemba. Mwaka jana nililetewa mahojiano ya mzee wa Makunduchi, nikayapitisha kwenye programu inayogeuza sauti kuwa maandishi. Dakika chache imemaliza: Kiswahili kinyoofu, nukta na mkato mahali pake. Shida ni kwamba mzee hakusema vile. Alikuwa anazungumza Kimakunduchi, lahaja ya kwao huko Unguja, na pale programu isipoelewa haikuacha pengo, ilijazia ya kwake. Asiyejua angerusha hewani maneno ya mashine kwa jina la mzee wa watu. Nilimtafuta kijana wa kwao, tukakaa jioni nzima tukisikiliza neno kwa neno.

Kwa hiyo jifunze, lakini usilipe ada kufundishwa vitufe. Vitufe vitabadilika kabla hujamaliza muhula. Tafuta mtu atakayekukalisha usikilize.

Na jambo moja nakuomba kwa moyo: tunza rekodi ghafi. Enzi zetu utepe ulikuwa ghali, tukawa tunafuta na kurekodi juu yake. Kwa mkono wangu nilifuta mahojiano ya mpiga zeze mmoja ili nipate nafasi ya hotuba ya mkutano. Baadaye mzee yule akafariki, na wanawe wakaja kuuliza kama tuna sauti ya baba yao. Leo hifadhi ni rahisi, na bado naona vijana wanafuta sauti kwa sababu simu imejaa.

Kama uko tayari, mrekodi bibi yako dakika 10 akisimulia chochote. Zikate zibaki 3, naye akizisikia akubali kwamba ni yeye anayeongea. Ukimaliza ziweke hapa pamoja na zile 10, nitazisikiliza zote.