Mkuu wa Makambako, msimamishe huyo fundi kwanza

Uliposema fundi anakuunganishia programu ya kaunta (ya kuuzia) na ya uhasibu hapo hadwea kwako, nazo "zitakuwa zinarekebishana stoku zenyewe kila usiku", nilimwaga chai.

Mimi nina duka la pembejeo Mwanjelwa, Mbeya, na tawi Uyole. Jamaa aliyeniunganishia programu kama hizo alisema ni kubofya tu, bidhaa zitatambuana kwa majina. Kwa majina! Mwanjelwa tunauza mbolea ya urea kwa mfuko wa kilo 50, Uyole wanapima kwa kilo. Kote imeandikwa "Urea". Usiku wa kwanza tu, kilo 400 za Uyole, yaani mifuko minane, zikasomeka kwenye uhasibu kama mifuko 400. Nami nikaiona namba imenona, nikajua tawi limejaa. Wenzangu wanashusha mbolea, mimi nimekunja nne nawacheka. Januari watu wanataka ya kukuzia mahindi, nikapokea advansi mpaka za Inyala. Nafungua stoo ya Uyole: mifuko mitatu, mmoja panya kautoboa. Mama mmoja alikaa mlangoni na risiti yake mkononi toka saa mbili asubuhi hadi saa nane, hasemi neno. Ningeona afadhali anitukane. Nikanunua kwa majirani kwa bei ya rejareja nikawagawia. Hasara sitaji, mke wangu anasoma humu.

Fundi wangu nikampigia. Eti, "Mzee, data zako ndizo chafu." Sasa nani alilipwa kuzikagua, mimi au yeye? Siku hizi hapokei simu.

Sasa shika hili: idadi ya mzigo iandikwe na programu MOJA. Kwangu ni ya kaunta. Uhasibu unapelekewa thamani ya mauzo na namba ya risiti, hauna ruhusa ya kugusa idadi. (Namba ya risiti muhimu: mtandao ukikatika mauzo yakatumwa tena, yasihesabiwe mara mbili.) Na kila bidhaa iwe na namba yake ya utambulisho: mfuko wa urea namba yake, urea ya kupima namba nyingine. Majina waachie wateja.

Uliuliza pia Lipa Namba, mashine ya risiti (EFD) na gharama... hayo baadaye. Nenda kamuulize huyo fundi wako sasa hivi: misumari yako anaihesabu kwa kilo au kwa boksi? Akikujibu "itajirekebisha", mpe nauli.